Kukomaza Seli za Saratani ya Ovari Ili Zisikie Dawa

Saratani ya ovari iliyokwisha kusambaa hutibiwa kwa upasuaji pamoja na dawa za carboplatin na paclitaxel. Wagonjwa wengi hupata nafuu mwanzoni, lakini mara nyingi ugonjwa hurudi ukiwa sugu zaidi. Sehemu ya usugu huo hutokana na seli chache zenye tabia ya seli shina: hugawanyika polepole, husukuma dawa nje na mara nyingi huwa na kimeng'enya kingi cha ALDH1.

Dawa ziitwazo vikomazaji hulenga tabia hiyo. Badala ya kuiua seli papo hapo, huisukuma ikomae na kupoteza kinga yake. Asidi ya retinoiki, itokanayo na vitamini A, hushika vipokezi ndani ya kiini na kubadili jeni zinazofanya kazi. Vizuizi vya vimeng'enya vya HDAC, kama vorinostat, hulegeza DNA iliyofungwa kwenye protini za histoni, hivyo cisplatin, dawa ya jamii moja na carboplatin, hupata upenyo wa kuifikia.

Maabarani, seli hugawanywa makundi manne: lisilopewa kitu, la kikomazaji pekee, la cisplatin pekee, na la vyote viwili. Kundi la nne likifa zaidi kuliko jumla ya athari za la pili na la tatu, hapo ndipo usikivu umeongezeka. Kipimo cha MTT, ambacho seli hai hugeuza rangi yake ya manjano kuwa zambarau, hakitoshi. Seli iliyokomaa huacha kugawanyika. Zambarau hupungua ingawa hakuna iliyokufa. Kwa hiyo huhesabiwa pia seli zinazokufa na makoloni yanayoota baada ya dawa kuondolewa.

Aina ya seli nayo ina uzito. A2780, inayotumika sana, ina jeni ya TP53, ambayo huzuia saratani, iliyo nzima, ilhali katika saratani ya ovari iliyo ya kawaida zaidi jeni hiyo karibu kila mara imeharibika.

Njia ya kukomaza seli ilifaulu kwenye saratani ya damu aina ya APL: mwaka 1988 madaktari wa Shanghai waliripoti kuwa wagonjwa 23 kati ya 24 walipata nafuu kamili kwa asidi ya retinoiki pekee. Lakini APL huendeshwa na jeni moja iliyoungana vibaya, na asidi hiyo huigusa moja kwa moja. Saratani ya ovari haina shabaha moja ya namna hiyo, na hadi sasa hakuna kikomazaji kilichoingia katika tiba yake ya kawaida.