Spika Moja Kwanza: Kuchagua Monita za Bei Nafuu Tukuyu

Spika iliyotumika kumiksi sehemu kubwa ya nyimbo zilizovuma miaka ya 1980 ilikuwa bidhaa iliyokataliwa sokoni. Yamaha waliitoa NS-10M mwaka 1978 iwe spika ya sebuleni, na wenye sebule hawakuitaka: besi haba, sauti ya juu kali, raha kidogo. Wahandisi wa sauti ndio walioichukua. Bob Clearmountain wa Marekani hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeieneza. Wengine walibandika karatasi ya chooni mbele ya twita, kitoa sauti za juu, ili ukali upungue, wakaendelea na kazi. Yamaha waliacha kuitengeneza mwaka 2001, na mwaka 2008 wakapewa Grammy ya ufundi kwa ajili ya spika hiyohiyo.

Kijana wa Tukuyu, wilayani Rungwe, anayetafuta monita (spika za kumiksi) za kuanzia chumbani kwake ana sababu ya kuijua hadithi hii, lakini si ili aende kuitafuta NS-10M kwenye vitu vya mtumba. Zilizobaki zimechoka, na bei yake imepandishwa na jina. Cha kuchukua ni jinsi ilivyofanya kazi.

Spika nyingi za bei nafuu siku hizi zina tundu la hewa. Hewa iliyomo ndani ya boksi na tundu hutikisika kwa masafa fulani, ikaisaidia wufa ndogo, koni ya besi, kushuka chini kuliko uwezo wake. Msaada huo si wa bure: kiki (ngoma ya mguu) ikishapiga, tundu huendelea kunguruma kwa muda mfupi, nawe huisikii vizuri kiki inaishia wapi na gitaa la besi linaanzia wapi. NS-10M ilikuwa boksi lililofungwa. Haikushuka sana, ila kilichotoka kilianza na kuisha kwa wakati wake. Philip Newell, Keith Holland na Julius Newell walilichambua jambo hili mwaka 2001, na kasi ya kunyamaza kwenye besi ilikuwa miongoni mwa sababu walizozitaja. Tena koni yake nyeupe ya karatasi iliinua sauti za kati, kwenye Hz 1,500 hadi 2,000, mahali ambapo mwimbaji na gitaa hugombea nafasi. Kosa la hapo halikuweza kujificha.

Kwetu kanuni hiyo ya kuzijali sauti za kati ilitumika bila mtu kuichagua. Mwaka huohuo wa 1978 ndipo bendi ya Mlimani Park ilipoanzishwa Dar es Salaam. Bendi za zama zile zilirekodiwa Redio Tanzania, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja, na wimbo ukafika mabondeni Rungwe kwa mawimbi ya kati na mafupi, kwenye redio ya betri yenye spika moja. Redio ya namna hiyo haibebi kitu cha maana juu ya takriban Hz 5,000, wala haina besi ya kuringia. Wimbo uliosimama ni ule ambao sauti, magitaa na tarumbeta vilikuwa vimepangwa vizuri katikati. Hadi leo rekodi zile zinasikika wazi hata kwenye simu ya bei ya chini.

Turudi chumbani. Nyumba ya kawaida ya Tukuyu ni matofali ya kuchoma, plasta, sakafu ya saruji, dari ya bodi nyepesi na bati juu. Kuta nne ngumu hurudisha besi zote. Dari nyepesi ndiyo inayokuhurumia kidogo, kwa sababu besi hulitikisa bodi na nyingine hupenya kwenda darini. Chumba wanachopewa vijana mara nyingi ni cha futi 10 kwa 10, na hapo ndipo hesabu inapouma.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Gawa namba hiyo kwa mara mbili ya urefu wa chumba, utapata masafa ya kwanza ambayo chumba kitayavimbisha chenyewe. Futi 10 ni mita 3.05, kwa hiyo jibu ni Hz 56. Upana nao ni futi 10: Hz 56 tena. Kimo cha futi 9 kinaleta Hz 63. Vivimbe vitatu vimerundikana mahali pamoja, tena palepale kiki inapokaa. Na kwa kuwa chumba ni mraba, ukiweka kiti katikati kabisa unakaa mahali ambapo ile Hz 56 inajifuta. Huisikii, basi unaiongeza. Wimbo ukifika nyumbani kwa jirani mwenye sabufa, mabati yanacheza.

Kama kuna chumba cha futi 10 kwa 14, kiombe, hata kama kina dirisha baya. Urefu huo unashusha kivimbe cha kwanza hadi Hz 40, na mrundikano unatawanyika. Ukibaki na cha mraba, kaa kwenye theluthi ya mbele, usikae katikati wala usiegemee ukuta wa nyuma.

Kutokana na hesabu hiyo, sioni sababu ya wufa ya inchi 8 katika chumba kama hiki. Utalipia besi ambazo kuta zitaziharibu kabla hazijakufikia. Inchi 5 inatosha. Yamaha HS5 inafika Hz 54 ikiwa tayari imeshuka desibeli 10; JBL 305P MkII inafika Hz 43 kwa kipimo hichohicho. Mwimbaji wa besi kwenye kwaya hushuka hadi karibu Hz 82. Tarumbeta kubwa ya bendi ya Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891 na kuacha desturi ya kupuliza shaba hadi leo, ikipiga B-fleti ya chini inakuwa Hz 58. Waya mnene wa gitaa la besi ni Hz 41, lakini harmoniki yake ya pili, ambayo ndiyo sikio hushika kwenye spika ndogo, ni 82. Anayerekodi kwaya na tarumbeta, na wilaya hii ina kazi hiyo kila Jumapili, hapungukiwi kitu na inchi 5. Anayetengeneza amapiano au singeli atahitaji hedifoni za kuchungulia chini ya Hz 50. Sony MDR-7506 imekuwa sokoni tangu 1991 na inatosha.

Kuhusu bei: 305P MkII ilipotoka mwaka 2018 iliuzwa Marekani takriban dola 150 kwa spika moja, na HS5 takriban 200. Ongeza ushuru, usafiri na faida ya muuzaji wa Kariakoo. Kati ya hizo mbili ningechukua HS5 kwa kwaya, kwa sababu inasema ukweli kwenye sauti za kati hata pale usipoupenda, na JBL kwa atakayekaa na mteja pembeni, maana sauti yake haibadiliki sana mtu akisogea kushoto au kulia.

Wauzaji watakuambia uchague yenye tundu mbele ili uiegemeze ukutani. Sababu hiyo si ya kweli. Besi hutoka kwenye boksi kuelekea pande zote, na ukuta huiongeza popote tundu lilipo. Tundu la nyuma linahitaji nafasi ya kupumua tu, upana wa kiganja. Jambo la kuangalia ni umbali kati ya koni na ukuta. Sauti inayokwenda nyuma ikigonga ukuta na kurudi, kuna masafa yatakayokutana kinyume na kufutana: gawa 343 kwa mara nne ya umbali huo. Sentimita 60 zinafuta Hz 143, kwenye kifua cha sauti ya kiume. Ukiisogeza mpaka koni iwe sentimita 27 kutoka ukutani, tatizo linapanda hadi karibu Hz 318, na huko godoro lililosimamishwa ukutani linaanza kusaidia. Besi inayoongezeka kwa kuukaribia ukuta unaipunguza kwa swichi ya nyuma: HS5 ina kupunguza desibeli 2 au 4, JBL 1.5 au 3. Trei za mayai ziache ziendelee kubeba mayai. Kwenye besi hazifanyi lolote.

Pesa ya spika mbili ikikosekana, wengi hununua jozi dhaifu, au humiksi kwenye sabufa ya nyumbani. Mimi ningenunua spika moja nzuri. Monita hizi huuzwa moja moja, na kumiksi kwa spika ndogo ni njia iliyotumika kwenye kazi kubwa: Bruce Swedien, aliyerekodi na kumiksi *Thriller* ya 1982, alizitegemea sana Auratone, viboksi vyenye koni moja ndogo, tena kwa sauti ya chini. Spika zikiwa mbili, mwimbaji wa katikati ni kivuli kinachotengenezwa na zote. Sauti ya kushoto hulifikia sikio la kulia ikiwa imechelewa kidogo, na pale Hz 2,000 inajikata. Spika moja haina ugonjwa huo. Ukiweza kuzitenganisha alto na soprano kwenye spika moja bila kuzisukuma pembeni, umezitenganisha kweli. Na wasikilizaji wengi wa Rungwe wanasikiliza hivyohivyo: simu mkononi, tarumbeta ya kipaza sauti kanisani, spika iliyopasuka ndani ya Coaster ya Kyela. Mambo ya kushoto na kulia utayamaliza kwa hedifoni.

Sabufa usiitupe. Ni kipimo kizuri cha mwisho, kwa sababu wimbo wako utaishi humo. Kwa kumiksi haifai: spika zake ndogo haziwezi kushuka na boksi kubwa haliwezi kupanda, hivyo katikati yake, kwenye Hz 150 hadi 250, mara nyingi kuna shimo, na juu kidogo ya kiki kuna nundu ya kumfurahisha mnunuzi dukani.

Halafu kuna mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya bati haimiksiki. Ikianza, hamia kwenye kazi ya kukata na kupanga vipande kwa hedifoni, na radi ikisikika chomoa nyaya zote ukutani, kwa kuwa kuzima swichi hakutoshi. Unyevu nao unavimbisha boksi la mbao za kubanwa, kwa hiyo usiliweke juu ya saruji tupu. Mngurumo usioisha wa Hz 50 mara nyingi unatoka kwenye chaja ya kompyuta na spika kukutana kwenye waya wa ethi. Dawa yake ni waya wenye jeki ya miduara miwili myeusi kutoka kwenye saundi kadi. Kukata pini ya ethi kunaondoa mngurumo na kukuachia boksi linaloweza kukupiga shoti.

Ukinunua iliyotumika, piga wimbo unaoujua, kisha izime na ubonyeze koni taratibu kwa vidole viwili: ikikwaruza, coili imegusa sumaku, iache. Na siku ya kununua ya pili ikifika, tafuta toleo lilelile kabisa. LSR305 ya mwaka 2013 na 305P MkII zinafanana ukizitazama kwa mbali, lakini twita na wufa zake si zile zile, na mwimbaji wa katikati atahamia upande mmoja bila kukueleza kwa nini.