Gazeti la Udaku Lipimwe kwa Kurasa za Ndani

Gazeti la udaku linalochapwa Dar es Salaam hufika Wesha, kisiwani Pemba, kichwa chake kikiwa kimeshatumika. Redio imekwisha kukisoma alfajiri, picha ya ukurasa wa mbele imezunguka kwenye simu, na vijana wanaongoja mashua ya Misali wamekwisha kukibishania. Mwaka 2017 Harrison Mwakyembe, wakati huo akiwa Waziri wa Habari, aliagiza vituo vya redio na televisheni visome vichwa vya magazeti tu bila kuingia kwenye undani wa habari, na kichwa kikazidi kutembea peke yake. Ndiyo maana naamini msomaji wa kisiwani ana nafasi nzuri ya kuyapima magazeti haya. Anayelipa pesa yake baada ya kichwa kumfikia bure ananunua kile kilichobaki ndani, na humo ndimo ufundi wa mwandishi unamoonekana.

Nayaheshimu magazeti haya. Ijumaa, Uwazi, Risasi, Amani na ndugu zao yalikuwa yakisomwa na watu ambao hawajawahi kumaliza hotuba moja ya bajeti, na Kiswahili chake kilikuwa hai, chepesi, cha mtu anayekuhadithia mkiwa mmekaa barazani. Kumvuta msomaji aliyechoka na kazi ya siku nzima ni kipaji. Kwa kuwa ni kipaji, kina walio hodari na walio wababaishaji, na ni vizuri tujue kuwatofautisha.

Anza na kitenzi cha kichwa. Mwandishi hodari huchagua kitenzi ambacho habari yake inaweza kukibeba. Akiandika “afumaniwa”, ndani lazima awepo aliyefumania, mahali na saa. Mbabaishaji huandika “adaiwa kufumaniwa”, halafu hakuna anayedai. Kuna pia kichwa cha kuuliza, chenye alama ya swali mwishoni. Kikiuliza swali ambalo gazeti lenyewe halikwenda kulitafutia jibu, hiyo ni tuhuma iliyovalishwa swali ili isishikwe mahakamani. Halafu yupo “kigogo”. Kigogo asiye na jina, wizara wala cheo hamtishi yeyote, ila huwachafua vigogo wote kwa pamoja, na yule mwenye kosa hasa ndiye anayepumua.

Ukishafungua ndani, itafute sentensi moja ambayo haikosekani: “Alipotafutwa kwa simu, iliita bila kupokelewa.” Sentensi hiyo ndogo inaeleza mengi kuhusu mwandishi. Ikiwa imekaa peke yake mwishoni kabisa, kaa chonjo: huenda simu ilipigwa mara moja, usiku, gazeti likiwa karibu kwenda mtamboni. Mwandishi anayejiheshimu huendelea: alituma ujumbe wenye maswali, akaenda nyumbani, akazungumza na wakili au na kaka wa mhusika, kisha akaandika walichomjibu hata kama kinaivuruga stori yake. Napenda zaidi stori iliyovurugwa kidogo na majibu ya mhusika kuliko ile iliyonyooka mno.

Mtazame na “mnyetishaji wetu”. Si vibaya kuficha jina la mtu anayeweza kudhurika. Lakini mwandishi mzuri, hata akificha jina, hukueleza huyo mtu alijuaje: ni jirani, ni mhudumu wa hoteli, alikuwa chumba cha pili. Ukifika mwisho wa habari, uweze kunyooshea kidole kila sentensi nzito na kusema hii aliiona nani. Nadhani hapo ndipo penye moyo wa ufundi huu wote.

Hapa pana jambo la kihistoria. Magazeti pendwa yalikua sambamba na hadithi za mfululizo. Eric Shigongo wa Global Publishers alijipatia jina kwa riwaya zilizotoka kipande kwa kipande katika magazeti yake, na wasomaji wengi walinunua toleo linalofuata kwa ajili ya hadithi kuliko habari. Hadithi ina ruhusa ya kuingia chumbani na kuandika maneno waliyoambiana wawili wakiwa peke yao, habari haina. Ukikuta katika habari mazungumzo marefu ya mume na mke, yenye alama za kunukuu na machozi yanayotiririka, na hakuna hata mmoja wa wawili hao aliyehojiwa, ujue ufundi wa hadithi umehamia mahali pasipo pake.

Shigongo mwenyewe alichaguliwa kuwa Mbunge wa Buchosa mwaka 2020. Mpaka baina ya ustaa na siasa ulikwisha kulegea zamani: miongoni mwa wanamuziki, Sugu aliingia bungeni kwa Mbeya Mjini mwaka 2010, Profesa Jay kwa Mikumi mwaka 2015, MwanaFA kwa Muheza mwaka 2020. Kwa hiyo kumwandika msanii na kumwandika mwanasiasa sasa ni kazi moja, na gazeti la udaku lina nafasi ambayo magazeti makubwa hayana. Chukua habari za Wema Sepetu, Miss Tanzania wa 2006, aliyetoka CCM kwenda CHADEMA Februari 2017, akarudi CCM Desemba ya mwaka huo huo. Mwandishi dhaifu huishia kwenye nguo aliyovaa na nani alimkumbatia. Hodari huiandika nguo, kwa sababu msomaji anaitaka, kisha huuliza: chama kilimpa nini, kilitarajia nini kwake, na wanachama wa kawaida waliofanya kazi miaka kumi matawini walisemaje?

Wanaodharau udaku husema siasa hushushwa hadhi ikiandikwa kwa watu badala ya sera. Sikubaliani nao. Mwenye madaraka ana nyumba, gari na marafiki, na mara nyingi huko ndiko sera zinakotekelezwa au kuibwa. Hapa Visiwani tumeonja ukosefu wa gazeti linalothubutu: Dira, lililohaririwa na Ali Nabwa, lilifungiwa Novemba 2003. Halikuwa la udaku, lakini lilipoondoka tulibaki kusikia habari za wakubwa wetu kwa minong'ono.

Kwenye picha, angalia mstari mweusi machoni. Kuziba macho ya mtoto au ya mwanamke aliyedhalilishwa, kisha kutaja mtaa, kazi ya baba na skuli anayosoma, ni kumfichua mara mbili. Kipimo kingine ni nani anapigwa picha akiwa ameanguka. Gazeti linalomfuata tajiri mlevi na kumwacha mlevi wa kijiweni lina adabu. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umri wa Elizabeth Michael, maarufu kwa jina la Lulu, aliyeshtakiwa kwa kifo hicho, ukawa suala la kisheria mahakamani, wakati sura yake ilikuwa ikiuza magazeti kila wiki. Hukumu ya kuua bila kukusudia ilitoka Novemba 2017. Aliyeandika katika miaka hiyo mitano na zaidi bila kumtangulia hakimu, huyo ndiye wa kusomwa.

Sisi wa Pemba tuna kipimo chetu pia: tunavyoandikwa. Kwa miaka mingi Pemba ya magazeti ya udaku imekuwa kisiwa cha wachawi, na kwenye kurasa za matangazo mganga hujiongezea sifa kwa kutaja kwamba katoka kwetu. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, uvumi wa jini aitwaye Popobawa ulianzia Pemba ukavuka hadi Unguja, na huko mgonjwa wa akili asiye na hatia aliuawa na kundi lililomdhania ndiye. Januari 2001 watu walipigwa risasi katika maandamano kisiwani humu na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Mambo hayo mawili yana majina, mashahidi na makaburi.

Basi ukiona kichwa chenye neno Pemba, fungua ndani utazame mwandishi alikuwa wapi. Kama alishuka Mkoani au uwanja wa ndege wa Chake, akamsikiliza sheha, akawauliza wanawake wanaoanika karafuu, utaona katika majina ya vijiji na namna watu wanavyosema. Kama aliandika akiwa Kariakoo, vijiji vyote vitaitwa “huko Pemba” na kila mzee atakuwa mganga. Masahihisho nayo yatafute toleo linalofuata: ukurasa gani, herufi za ukubwa gani. Gazeti lililokosea kwa wino mwekundu ukurasa wa mbele lisahihishe ukurasa wa mbele, na likikataa, Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko ya mtu yeyote, awe staa wa Sinza au mvuvi wa Wesha.