Dakika Moja Chini ya Kope

Huku Rungwe tuna minde, mnyama wa misitu ya mlimani asiyepatikana nje ya Tanzania. Ila minde hasimami akapimwa macho. Mpaka achomwe dawa ya kumlaza, na dawa hiyo huweza kumpunguzia machozi yale yale unayotaka kuyapima. Kwa hiyo anayetaka kuuona ufundi wa kupima macho ya mnyama aende bandani, Tukuyu, daktari wa mifugo akiwa mbele ya ng'ombe wa maziwa anayetafuna mabingobingo.

Kifaa hakitoki mfukoni kwanza. Daktari husimama ubavuni, akaacha anuswe. Kisha hupeleka kiganja kuelekea jicho, taratibu, vidole vimetanuliwa ili asisukume upepo. Upepo ukigusa kope, ng'ombe atapepesa kwa kuguswa wala si kwa kuona, na kipofu atahesabiwa mzima. Ndama wa siku mbili asipopepesa, daktari hana wasiwasi naye. Kukwepa mkono ni jambo la kujifunza.

Machozi hupimwa kabla jicho halijatiwa tone lolote la dawa. Kijikaratasi hukunjwa ncha, kikapachikwa ndani ya kope la chini, ikahesabiwa dakika moja, halafu zikasomwa milimita zilizolowa. Mjerumani Otto Schirmer alikieleza kipimo hiki mwaka 1903, kwa ajili ya binadamu. Dakika hiyo, bandani, ni ndefu ajabu.

Kinachonivutia zaidi ni shinikizo la jicho. Kamba ikivutwa mpaka kichwa kikashuka chini ya usawa wa moyo, au shingo ikibanwa, namba hupanda, na jicho zima likaonekana gonjwa. Nusu ya kipimo imo mikononi mwa anayeshika kichwa, ambaye mara nyingi ni mfugaji mwenyewe, na jina lake haliandikwi popote.

Mwisho huja rangi ya kutiwa jichoni ili kuonyesha michubuko. Konea, kioo cha mbele cha jicho, ikiwa nzima huikataa; iliyochubuliwa na jani huishika, ikang'aa kijani chini ya mwanga wa buluu.

Lakini ng'ombe mmoja hawezi kutuambia kipimo cha jicho lenye afya ni kiasi gani. Wanatakiwa wengi, wazima, wa kila rika, na kila mmoja apewe dakika yake. Basi daktari akija kwako, mfunge ng'ombe mapema, kichwa kikae juu, kamba ilegee, na watoto wacheze mbali na banda.