Neno Lifike Zima

Tarabu huko Langoni, Lamu, hupimwa kwa neno. Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, mwimbaji na mpiga udi, alizaliwa Lamu katika miaka ya 1930, akafanya kazi yake kubwa Mombasa, akafariki dunia mwaka 2016. Wapenzi wake wanapobishana barazani ni usiku gani aliimba vizuri kuliko mwingine, swali la kwanza si umati ulikuwa mkubwa kiasi gani. Ni ubeti. Huyu atashikilia harusi fulani kwa sababu ya kina kimoja, namna kilivyocheleweshwa kabla ya kutua. Mwenziwe atataja usiku mwingine ambao Zein aliombwa arudie mshororo mara tatu, na mara ya tatu akautoa karibu kwa kunong'ona. Wote wawili wanazungumzia kitu kimoja: neno lilitoka kinywani na kumfika msikilizaji likiwa zima.

Masikio kama hayo yana malezi yake. Langoni ni upande wa kusini wa mji wa kale wa Lamu, na ndiko uliko Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, ambako Maulidi husomwa kwa matari kila Mfungo Sita. Mtoto wa hapo husikia kasida kabla hajajua kusoma. Anajua mahali pa kuvuta sauti na mahali pa kuikata, kama anavyojua njia ya kwao gizani. Tarabu ni jambo jingine na wako wanaoona vibaya kuitaja karibu na msikiti, lakini sikio ni lile lile.

Nyuma ya udi kulikuwa na kibangala, kinanda kidogo kilichochongwa katika mti na kuwambwa ngozi. Muhamadi Kijumwa, malenga wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mpigaji wa kinanda, mchongaji wa mbao na mwandishi wa hati nzuri, yote katika mikono miwili. Zein aliirithi Lamu hiyo. Kwa msaada wa Ahmed Sheikh Nabhany, bingwa wa lugha na mashairi mzaliwa wa Matondoni, aliyafufua mashairi ya kale na kuyatia mahadhi yanayofuata midundo ya ngoma za pwani. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alichukua njia nyingine. Aliyaimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, kwa sauti ya kupaa inayomshika mtu mara moja. Ubishi wa Bhalo na Zein ni mkongwe na hautaamuliwa, wala hakuna haja uamuliwe. Ila ikiwa kipimo ni neno, Zein yuko mbele.

Ufundi wake uko katika mambo madogo. Mshororo wa shairi una pumziko la asili baina ya ukwapi, nusu yake ya kwanza, na utao, nusu ya pili. Waimbaji wengi hulijaza pumziko hilo kwa kuvuta irabu mpaka pumzi iwaishie. Zein mara nyingi aliuachia udi. Sauti ikinyamaza, nyuzi huyarudia maneno yaliyokwisha kusemwa, taratibu, msikilizaji apate kuyatafuna kabla hajaletewa mengine. Kwa kuwa mpigaji na mwimbaji ni mtu mmoja, kimya hicho hakikuwa na mshono. Ndipo wajuzi wanapotikisa vichwa, na ndipo anayeenda kutunza anaposita na noti yake mkononi, asije akampita mbele mtu anayesikiliza.

Jambo jingine ni matamshi. Katika Kiamu macho ni mato, njoo ni ndoo, leo ni yeo. T ya kwenye meno na t ya kwenye ufizi ni sauti mbili, na anayezichanganya hugundulika kabla hajamaliza mshororo. Ni rahisi mtu anayeimba mbali na kwao kuyalainisha maneno hayo ili yasiwe mageni kwa mtu yeyote. Zein alipoimba shairi la kale hakulivua nguo zake.

Sahani iitwayo Mtindo wa Mombasa, iliyotolewa London mwaka 1990, ilimfikisha kwa wasikilizaji wa Ulaya, na ni kazi safi. Lakini studio haina mtu wa kusema rudia. Zein anayebishaniwa Langoni ni wa kaseti za harusi, zile zilizorekodiwa ukumbini au uani, zikanakiliwa katika maduka ya Mombasa na kuvuka bahari zikiwa mifukoni mwa wasafiri. Nakala ya nakala huwa na mvumo wa upepo. Mtu anakohoa, kikombe kinagonga sahani, kisha udi unaingia na kila kitu kinakaa mahali pake.

Kaseti hizo zilikuwa na kasoro moja iliyogeuka shule. Upande wa kaseti ya dakika 60 huchukua nusu saa tu, na harusi haifuati saa ya kaseti. Wimbo ukakatwa katikati ya ubeti, mara nyingine katikati ya neno, na mrekodi akigeuza upande wa pili, mwimbaji ameshasonga mbele. Wenye kaseti walizijua sehemu hizo zilizokatika. Sauti ilipozimika, mmoja barazani aliumalizia ubeti kwa mdomo, kwa mahadhi yake, na mwingine akamsahihisha kina. Kuyajua mashairi hakukuwa sifa ya kujionyesha. Ndiyo njia pekee ya kuupata wimbo mzima.

Sasa harusi nyingi zina kinanda cha umeme na spika zinazotikisa madirisha mpaka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Mdundo unasikika ng'ambo ya mji, maneno hayasikiki hata kwa aliye mstari wa mbele, na hakuna anayelalamika kwa kuwa hakuna aliyekuja kuyatafuta. Mwimbaji asiyedaiwa neno atalitamka vizuri kwa ajili ya nani?

Kaseti za zamani zimehamishiwa kwenye simu, na ni vizuri, kwa sababu utepe huoza katika hewa ya chumvi. Zimehamishwa pamoja na vipande vyake vilivyokatika. Zein anaimba, udi unamjibu, anauanza mshororo wa tatu, sauti inazimika. Wimbo mwingine unafuata, na barazani hakuna anayeumalizia.