Neno "Kurithi" na Madhara ya Mionzi

Kila elimu mpya iingiapo katika Kiswahili hukuta maneno yamekwisha kaa mahali pake, kila neno na jamaa zake na kumbukumbu zake. Elimu ya mionzi iliingia vivyo hivyo. Haikupewa maneno mapya yasiyo na historia, bali yale yaliyokwisha kutumika kwa jua, kwa maradhi na kwa mirathi. Katika makala haya nakusudia kuchungua maneno matatu ambayo waandishi wa magazeti, vitabu na karatasi za afya huyatumia wanapoeleza madhara ya muda mrefu ya mionzi, nayo ni mionzi lenyewe, kuathirika na kurithi. Maoni yangu ni kwamba neno la tatu, kama litumikavyo sasa, hudai makubwa kuliko yale yaliyothibitishwa na wataalamu, na kwamba gharama ya ziada hiyo hulipwa na watu wasio na hatia.

Na tuchukue mfano wa karibu. Tuseme mama mmoja wa Kilwa Kivinje amepatwa na saratani ya shingo ya kizazi. Itambidi asafiri kiasi cha kilomita 300 mpaka Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, akatibiwe kwa mionzi kwa majuma kadhaa. Akirudi, jamaa humpokea kwa shukrani. Lakini usiku, mlango ukifungwa, huulizana. Je, yafaa ampakate mjukuu? Je, binti yake anayeposwa hakurithi kitu? Ni rahisi kwa msomi kuyaita maswali hayo ujinga. Mimi nasema si ujinga hata kidogo. Ni hitimisho sahihi la watu waliopewa maneno yasiyo sahihi.

Neno la kwanza, mionzi, lina kosa dogo. Twasema mionzi ya jua, mionzi ya simu na mionzi ya bomu kana kwamba vyote ni ndugu wa tumbo moja. Lakini iko mionzi yenye nguvu ya kung'oa elektroni katika atomu, na iko isiyo na nguvu hiyo. Ile ya kwanza, ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua katika eksirei mwaka 1895, na ambayo Henri Becquerel aliikuta ikitoka katika urani mwaka 1896, ndiyo iwezayo kukata nyuzi za vinasaba ndani ya chembe hai. Wenye kamusi wametupa neno mnururisho, nalo limebaki katika kamusi. Watu wenyewe husema "nimepigwa mionzi" au "nimechomwa", na vitenzi hivyo vina ukweli wake, kwani aliyepigwa fimbo habaki na fimbo mwilini. Mionzi ya mashine hupita kama mwanga wa taa. Taa ikizimwa, hapana mwanga uliosalia ukutani. Hata chombo chenye madini nururifu kinachotiwa ndani ya mwili wa mama yule hutolewa baada ya tiba. Iko dawa ya kunywa, kama iodini nururifu ya kutibu tezi la shingo, ambayo hukaa mwilini siku kadhaa na kuhitaji tahadhari. Lakini hiyo ina masharti yake, na mgonjwa huelezwa. Mama yetu, basi, na ampakate mjukuu wake bila hofu.

Neno la pili lina kosa kubwa zaidi. Kuathirika latokana na athari, yaani alama iachwayo na kitu, na asili yake haina ubaya. Lakini tangu ukimwi ulipoenea nchini, hasa katika miaka ya 1990, "waathirika" likawa jina la watu wenye virusi vya ugonjwa huo. Neno likajaa harufu ya maambukizo. Mwandishi anapoandika leo kwamba watu wa mahali fulani ni "waathirika wa mionzi", msomaji husikia, hata kama haikuandikwa, kwamba wataambukiza wengine. Maradhi ya mionzi hayaambukizi. Saratani iliyoletwa na mionzi haimruki mtu kwenda kwa mwenzake. Hapa lawama si ya neno, bali ya mwandishi aliyelichukua bila kuuliza lilikolala jana.

Sasa tulifikie neno la tatu, ambalo ndilo shina la shauri hili. Huandikwa mara nyingi kwamba madhara ya mionzi "hurithiwa na vizazi". Katika sentensi hiyo moja wamefungwa watoto watatu wasiofanana.

Mtoto wa kwanza alikuwa tumboni mionzi ilipompiga mama yake. Bomu lilipoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na Nagasaki siku tatu baadaye, walikuwako wajawazito walionusurika. Miongoni mwa watoto wao walizaliwa wenye vichwa vidogo na akili pungufu, hasa wale ambao mimba zao zilikuwa baina ya juma la 8 na la 15. Mtoto huyu hakurithi kitu. Alipigwa yeye mwenyewe, ingawa alikuwa hajazaliwa.

Mtoto wa pili alikuwa amezaliwa tayari. Kinu cha Chernobyl kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, iodini nururifu ilianguka majanini, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Miaka michache baadaye saratani ya tezi la shingo ilianza kuonekana kwa wingi kwa watoto hao. Huyu naye hakurithi, alilishwa.

Mtoto wa tatu ndiye anayestahili neno lenyewe: aliyetungwa mimba baada ya mzazi kupigwa. Hofu juu yake haikuzuka bure. Mwaka 1927 Hermann Muller alionesha kwamba nzi wa matunda waliopigwa eksirei huzaa nzi wenye mabadiliko, na majaribio ya panya yaliyofuata yaliunga mkono jambo hilo. Kwa hiyo wataalamu walikwenda Japani wakitarajia kuliona kwa binadamu. Walichunguza watoto wachanga zaidi ya 70,000 waliozaliwa katika miji ile miwili kuanzia mwaka 1948, na uchunguzi wa watoto wa walionusurika umeendelea kwa miongo mingi. Hawakupata ongezeko la kasoro za kuzaliwa wala la saratani lililoweza kuhusishwa kwa hakika na mionzi iliyowapata wazazi. Mwaka 2021 ulitolewa uchunguzi wa vinasaba vya watoto 130 ambao wazazi wao walipatwa na mionzi ya Chernobyl. Nao haukukuta mabadiliko mapya yaliyozidi yale ya watu wengine.

Msomaji asinielewe vibaya. Kutoonekana si kutokuwako. Kwa sababu ya panya wale, wataalamu wa kinga bado huhesabu hatari ndogo kwa vizazi, nao wafanya vyema. Lakini kuna umbali mkubwa baina ya hatari ndogo isiyopata kuonekana kwa binadamu, na sentensi isemayo kwamba madhara hurithiwa. Katika umbali huo waliishi watu wa Japani walioficha kwamba walikuwako Hiroshima, kwa kuogopa kwamba wao na watoto wao wasingeoana na watu. Katika umbali huo huo yupo binti wa mama yetu wa Kivinje.

Ajabu ni kwamba pwani hii ingepaswa kuwa ya kwanza kulishika neno hili kwa uangalifu. Historia ya kale ya Kilwa imetufikia kwa njia ya nasaba za masultani wake, katika maandishi ya Kiarabu na katika kitabu cha Mreno João de Barros cha mwaka 1552. Asomaye nasaba hizo huuliza kila mara: huyu ni mtoto wa nani, na aliingiaje katika ukoo? Na vinasaba, neno letu la kisayansi, limetoka katika nasaba hiyo hiyo. Basi tumewezaje kulitumia bila kuuliza swali lile lile?

Hata hivyo, kuna hatari ya upande wa pili. Mwenye mgodi aweza kuichukua habari ya mtoto wa tatu akaifanya pazia la kumficha mzazi. Madhara kwa mwili uliopigwa hayana shaka. Katika Hiroshima na Nagasaki saratani ya damu ilianza kuongezeka miaka michache baada ya mabomu, na saratani nyingine zilikuja baada ya miaka kumi na zaidi. Waliopigwa wakiwa wadogo wamebeba hatari hiyo maisha yao yote. Wachimbaji wa urani wa nchi nyingi walikufa kwa saratani ya mapafu kwa kuvuta hewa yenye gesi ya radoni. Urani nyingi iliyotengenezea bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchi ambayo Kiswahili ni lugha yake ya mgodini na ya mjini. Waliopigwa na bomu waliandikwa majina na kufuatwa mpaka kaburini. Waliochimba madini yake hawakupata uchunguzi wa namna hiyo. Ukimya wa daftari lisiloandikwa si ushahidi wa usalama.

Jambo hilo latuhusu. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous ubadilishwe, ili eneo la mradi wa urani wa Mto Mkuju, Namtumbo, liwe nje. Pori lile lilienea hadi Liwale na Kilwa, na maji ya upande ule huelekea bonde la Rufiji, ambalo delta yake ni jirani ya Kilwa. Tukiwaambia watu kwamba watazaa vioja, tutawatia hofu isiyo na msingi, na siku watakapoona watoto wazima watadhani kila onyo lilikuwa uongo. Jambo la kuwaambia ni kwamba vumbi, hewa ya shimoni na maji ya kunywa vipimwe, na afya ya kila mchimbaji iandikwe kwa miaka 40 na zaidi, maana saratani haina haraka.

Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii ya kusini, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, alionesha jinsi neno moja, maji, lilivyomponyoka aliyelitamka likawatawala waliolisikia. Vita vile vya mwaka 1905 vilianzia katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Watu wa huko wanajua kuliko wengi uzito wa neno juu ya nguvu isiyoonekana.

Pendekezo langu ni jepesi. Mtoto wa kwanza asemwe kuwa amedhurika tumboni, na wa pili kuwa amedhurika utotoni. Neno kurithi liwekewe yale tu yapitayo katika mbegu na yai, na mwandishi alitumiapo aseme limethibitika kwa nani, kwa nzi, kwa panya au kwa binadamu. Akifanya hivyo, mama wa Kivinje atarudi kwake akiwa mgonjwa aliyetibiwa, na binti yake ataposwa kama mabinti wengine.