Miaka 60 Aliyoiruka Tolkien

Mchezo unaojengwa juu ya riwaya una tatizo moja kubwa: riwaya ina wenyewe. Katika riwaya ya Tolkien, Frodo amekwishaibeba pete, Aragorn amekwishatawazwa, na msomaji anayeketi mezani na dadu zake anajua nani atakufa na wapi. Ukimpa nafasi ya Frodo, atakariri. Ukimpa nafasi ya askari wa pembeni, atabaki kushangilia ushujaa wa wenzake. Mimi huwapima mafundi wa michezo hii kwa jambo hilo kabla sijatazama picha wala bei: wamemkaribisha mgeni wao, wamemkalisha wapi?

Kwa asiyeijua, michezo hii ya kuigiza wahusika ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, ilipotoka Dungeons & Dragons. Watu wanne watano hukusanyika. Mmoja husimulia mahali na hatari zake, kila mwingine humsemea na kumwamulia mhusika wake mmoja, na jambo likiwa na shaka dadu ndizo zinazokata shauri. Mshindi hakuna.

Dunia ya J.R.R. Tolkien imechezwa hivyo mara kadhaa. Mwaka 1984 kampuni ya Marekani, Iron Crown Enterprises, ilitoa Middle-earth Role Playing, na mpaka leo sijaona ramani zinazozishinda zile za Pete Fenlon. Unaweza kuzitazama jioni nzima usirushe dadu hata moja. Waliiweka michezo yao karibu na mwaka 1640 wa Enzi ya Tatu, zaidi ya miaka 1,300 kabla ya safari ya Frodo, baada tu ya tauni kuu kufagia miji. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kanuni, hata hivyo, zilitoka katika mchezo wao mwingine, Rolemaster, wenye majedwali marefu ya majeraha, na zilimruhusu mchezaji yeyote awe mchawi wa kurusha moto. Katika riwaya wachawi walioletwa ni watano tu, na Gandalf mwenyewe hatumii nguvu zake ovyo. Ardhi ilikuwa ya Tolkien. Waliotembea juu yake walitoka kwingine.

Kazi ninayoisifu mimi ni The One Ring, ya Mwitaliano Francesco Nepitello, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2011, kisha ikasanifiwa upya na kutolewa tena na Free League ya Sweden mwaka 2022. Nepitello alisoma riwaya kwa jicho la mtu anayetafuta kiwanja. Bilbo, jamaa wa Frodo, anarudi kwao kutoka safarini mwaka 2942. Sherehe ya kuwaaga majirani zake ni mwaka 3001. Katikati pana karibu miaka 60 ambayo Tolkien aliipitia kwa mistari michache tu ya kiambatisho: mwaka 2951 Sauron, adui mkuu, anajitangaza waziwazi na kuanza kuujenga upya mnara wake, kuanzia 2957 Aragorn yuko mbali, akiwatumikia watawala wa Rohan na Gondor kwa jina la bandia. Toleo la kwanza la mchezo linaanza 2946, la pili 2965. Wakati huo Bilbo yuko nyumbani anakula, Frodo hajazaliwa, na nchi za kaskazini zinahitaji mtu wa kuzilinda. Kiti kiko wazi, na mwenye riwaya hakudhulumiwa.

Washairi wetu wanaijua kazi hii ya kujenga ndani ya utungo wa mwingine. Anayetunga takhmisa huchukua beti za mwenzake, kama alivyofanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na shairi la Liyongo, akatanguliza mishororo yake mitatu mbele ya ile ya asili. Vina si vyake, mizani si yake, hitimisho la ubeti limeshaandikwa. Anachoweza ni kutunga kitu ambacho mishororo ya kale itakipokea bila kushtuka.

Lakini kiwanja kizuri hakijengi nyumba, na hapa ndipo Nepitello ananishangaza zaidi. Nani asome riwaya hizi asikumbuke uchovu? Watu wanatembea kurasa kwa kurasa, wananyeshewa, mkate unapungua. Kwenye mchezo wake safari ina kazi zake: kuna anayeongoza njia, anayetangulia kupeleleza, anayewinda na anayekesha macho. Uchovu hurundikana juu ya mzigo wa silaha na ngao, na ukizidi nguvu zako unaandikwa kuwa umechoka. Tangu hapo, kila dadu ya pande 6 inayoangukia 1, 2 au 3 haihesabiwi. Hebu fikiria: umepambana na njia wiki tatu, umefika kwenye lango la maadui, unarusha dadu tatu zinakuja 3, 2 na 5, na mkononi mwako ziko alama 5 tu. Kanuni moja ya mstari mmoja, na mchezaji anatamani kuitupa ngao yake mtoni. Nimeona watu wakiitupa kweli, kwa mdomo, huku wakimlaani msimulizi.

Dadu kubwa ya pande 12 ina alama mbili zisizo namba: rune ya Gandalf, inayokupa ushindi wa moja kwa moja, na jicho la Sauron, linalohesabiwa sifuri. Matumaini yana akiba yake, na kila unapoyatumia yanapungua; upande wa pili kivuli kinapanda, kwa mambo ya kutisha uliyoyaona na kwa maovu uliyoyatenda mwenyewe. Hata aina ya kuanguka inategemea wewe ni nani: mtafuta hazina huishia na ugonjwa wa joka, yaani uroho wa mali, msomi huvutwa na siri, nahodha huvutwa na madaraka. Hakuna anayeharibika kwa bahati mbaya tu.

Kuna wasioupenda mchezo huu, na nawaelewa. Mapigano hayana ramani wala hesabu za hatua. Unachagua tu kusimama mbele, katikati, kwa kujihami au nyuma na upinde wako. Anayetaka kuanza mnyonge na kumaliza akiwa nusu mungu hataishibisha hapa njaa yake ya dhahabu na fimbo za uchawi. Huyo nampeleka bila kinyongo kwenye Stormbringer ya mwaka 1981, iliyotokana na riwaya za Michael Moorcock, ambako dadu zaweza kumpa yeye damu ya wachawi wa kifalme na jirani yake akapewa ombaomba mwenye maradhi. Usawa hakuna, lakini hata kwa Moorcock haupo, na kuuacha hivyo nako ni ufundi.