Taa kali si usalama

Jamani wenzangu, PLDC, ule mkutano wa wabunifu wa mwanga, ulianza London mwaka 2007. Ukaenda Berlin, Madrid, Copenhagen, Roma, Paris, Rotterdam. Yote Ulaya! Huko wanalalamika kwamba mwanga umezidi; huku Alimbongo, usiku ukiingia, kila mtu anatafuta tochi.

Lakini tusiwacheke. Somo lao moja linatuhusu kabisa: taa inayopiga machoni inaficha. Ile ya sola tunayofunga juu ya mlango, ikitazama barabara, inampofusha mtoto anayerudi nyumbani. Haoni nani amesimama pembeni. Tuielekeze chini, bei ni ileile.

Na batiri iliyokufa, yenye risasi na asidi, tunaitupa wapi? Hilo ndilo swali wangelisikia kama wangekuja kukutana kwetu.